Keekee na Kee Yake: Chombo, Kazi na Lugha

Katika mtaa wa Kinanira, upande wa kusini wa mji wa Bujumbura, nyumba moja tu yatosha kuwa darasa la ufundi. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, nguzo ni za zege, lango ni la chuma, milango ya ndani ni ya mbao, na bafu limetandazwa vigae. Fundi atakiwaye kutoboa tundu katika vitu hivi hawezi kutumia ncha moja kwa vyote. Nasi walimu wa Kiswahili, tukitaka kumfuata kwa maneno, mara nyingi twakosa hata jina la ncha hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina lipo, tena lina historia.

Tuanze na kitenzi. Wazee wetu walipekecha moto kwa kuzungusha kijiti kati ya viganja, na kitenzi hicho hicho kikafaa kwa kutoboa mti. Pwani, kazi ya kutoboa ilithaminiwa sana kwa sababu ya mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kuunganishwa kwa misumari ya chuma. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kijulikanacho kwa jina la Periplus, chataja mashua za kushonwa huko Rhapta, bandari ya pwani yetu. Ukingo wa kila ubao ulihitaji safu ya matundu. Tundu likikaribia mno ukingo, ubao hupasuka. Likiwa pana mno, kamba hulegea na maji huingia.

Chombo cha kazi hiyo kiliitwa keekee, na kamusi za zamani zimetuhifadhia sehemu zake. Kee ni chuma kinachokata. Msukano ni mti wa mviringo unaoishika kee. Jivu ni kishikio ambamo msukano huzunguka. Uta ndio unaouzungusha msukano kwa kamba yake. Yafaa tuzingatie kwamba mafundi hao walitenga kee na keekee, yaani ncha na chombo kizima.

Baadaye chombo kilibadilika. Mwaka 1863 Stephen Morse wa Marekani alipata hataza ya kee iliyosokotwa, ambayo mifereji yake hutoa nje taka za tundu. Mwaka 1889, mjini Melbourne, Arnot na Brain walipata hataza ya keekee ya umeme. Uta ukaondoka, lakini kee ikabaki, kwani ndiyo inayokutana na kitu chenyewe.

Kila kitu kina kee yake. Kee ya mbao ina ncha ndogo katikati ili isiyumbe, na makali pembeni ya kukata nyuzi za mti kabla hazijachanika. Kee ya chuma ina ncha butu zaidi, kwa kawaida ya nyuzi 118, na kwa vyuma vigumu nyuzi 135. Huzungushwa polepole na kutiwa mafuta, la sivyo hupata moto na makali yake hufa. Kee ya zege haikati bali huponda: mashine hugonga huku ikizunguka. Kigae hutaka ncha mfano wa mkuki, maji ya kupoza, na wala kisigongwe, maana kitapasuka.

Ncha ya kee ya zege hutengenezwa kwa kabidi ya tungsteni iliyounganishwa kwa kobalti, ufundi uliokuzwa Ujerumani katika miaka ya 1920. Tungsteni hutoka katika madini ya wolframi, ambayo huchimbwa Rwanda na hata hapa Burundi. Kobalti huchimbwa kwa wingi Katanga, ambako wachimbaji husema Kiswahili. Ikiwa malighafi ya kee hutoka katika ardhi yetu, je, jina lake tuliazime mbali?

Mjini Bujumbura, Kiswahili kililetwa na biashara ya Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, kisha kikakua wakati wa utawala wa Wajerumani. Katika karakana za Buyenzi ni lugha ya kazi hadi leo. Hata hivyo Kifaransa nacho kimeacha alama yake: kee ya mbao kwa lugha hiyo ni mèche, neno ambalo pia lina maana ya utambi wa taa. Hatumlaumu fundi anayelitumia, kwa kuwa hakuna aliyempa jingine. Lawama itatupata sisi tulio na kamusi mezani tukizifunga.

Kwa hiyo twapendekeza zoezi jepesi. Wanafunzi waende kwa fundi wa mtaani, watazame kee zake, waandike kila moja yafaa kwa kitu gani na kwa sababu gani, kisha wamweleze nini maana ya kee, msukano na jivu. Fundi atawafunza kazi, nao watamrudishia maneno ya mafundi waliomtangulia.