Kibanda cha kuvizia bata: kwa nini Wamarekani hukijenga wakati ambao hakuna anayewinda

Wanaolima mpunga wanalijua dungu. Mlinzi anapanda juu, anapiga debe, anarusha mawe kwa teo, na ndege wakimwona wanaondoka. Kibanda tunachokieleza hapa ni kinyume cha dungu. Hujengwa bwawani au kando ya maji, hufunikwa majani mpaka kifanane na kichaka, na aliyemo ndani anataka bata mwitu washuke karibu naye, umbali wa mita 30 au pungufu, bila kujua kwamba yupo.

Nchini Marekani uwindaji wa namna hii ni jambo la kawaida vijijini, hasa katika jimbo la Arkansas, ambalo linaongoza nchini humo kwa kilimo cha mpunga. Mji mdogo wa Stuttgart umezungukwa na mashamba hayo, na tangu mwaka 1936 huwa na mashindano ya kuigiza mlio wa bata kwa filimbi. Mavuno yakiisha, mashamba mengi hujazwa maji, na punje zilizobaki huwa chakula cha bata wanaokimbia baridi ya kaskazini. Anayetafutwa zaidi ni yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani kinachong'aa. Huyo ndiye asili ya karibu bata wote wanaofugwa duniani, isipokuwa wale wenye uso mwekundu wa vinundu, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini.

Vibanda vya dukani vipo, lakini wengi hujijengea wenyewe kwa mbao za mabaki. Nao hawaanzi kazi msimu unapofunguliwa. Huanza Julai au Agosti, katikati ya jua kali, wakati ambao kumpiga bata hata mmoja ni kosa la jinai.

Msimu uliofungwa ndio msimu wa kujenga

Mwaka 1916 Marekani ilitia sahihi mkataba wa ndege wanaohama na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, na mwaka 1918 ukawa sheria. Kwa wawindaji wa kawaida, uwindaji umefungwa kuanzia Machi 10 hadi Septemba 1, miezi ambayo ndege wanataga na kulea makinda. Ndani ya muda unaobaki, kila jimbo hupanga siku zake. Arkansas, katika miaka ya karibuni, hupata siku 60 kati ya Novemba na mwisho wa Januari.

Kwa hiyo kuna muda mrefu wa kukaa bure, na anayeutumia vizuri anapata faida kadhaa. Ya kwanza ni maji kupungua. Majira ya joto bwawa likikauka unachimba mashimo ya nguzo ukiwa umesimama pakavu, badala ya kuhangaika ndani ya tope baridi hadi kiunoni.

Ya pili ni mbao. Ubao mpya ni mweupe au wa njano, na kwa ndege anayepita juu unang'aa kama bati. Ukiuacha kwenye jua na mvua miezi mitatu unageuka kijivu, rangi ya gogo kavu, na hakuna rangi ya dukani inayofanana nayo sawasawa. Asiye na muda huo hupaka rangi, lakini iwe isiyong'aa.

Ya tatu ni majani, na hii ndiyo ambayo wanaoanza huisahau. Miti mingi ya nchi za baridi hupukutisha majani kabla ya majira ya baridi. Mti wenyewe huyakata: kwenye shina la kila jani hujengeka utando unaolitenga na tawi, kisha jani linaanguka. Tawi likikatwa Agosti likiwa bado kijani, kazi hiyo haifanyiki. Majani yanakauka, yanakuwa kahawia, lakini yanang'ang'ania tawini hadi Januari. Tawi la mti huohuo likikatwa mwishoni mwa Oktoba linabaki fimbo tupu wiki chache baadaye. Ndiyo maana utawaona watu wakikata matawi ya mialoni kwenye joto la kutisha.

Na mwisho, bata wenyewe. Wanaokaa eneo hilo, na wale wa kwanza kufika, hukikuta kibanda kikiwa sehemu ya bwawa. Kichaka kilichozuka jana usiku kinatiliwa shaka.

Mahali pa kukisimamisha

Bata hutua akielekea upepo unakotoka, kama ndege ya abiria. Mwindaji akiwa na upepo mgongoni, bata watamjia usoni, wakishuka juu ya bata wa bandia waliotandazwa mbele yake. Ujanja wa bata wa bandia ni wa kale sana: katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, mwaka 1924 walipatikana bata waliosukwa kwa matete, wenye umri wa miaka 2,000 hivi.

Tatizo ni jua. Upepo wa baridi kali huko hutoka kaskazini au kaskazini-magharibi, na anayeupa mgongo anatazama kusini-mashariki, kule ambako jua la Desemba linachomoza. Anapofushwa, na uso wake unamulikwa kama taa. Wenye uzoefu huacha kutafuta upepo wa mgongoni na kukubali upepo wa kando. Bata wanapita mbele wakitoka kulia au kushoto, macho yao hayaelekei kibandani, na jua halimchomi mtu machoni. Kwa maoni yetu hilo ndilo chaguo bora pale ambapo huna sehemu ila moja ya kujenga.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, tazama mashina ya miti iliyo karibu. Maji ya mwaka uliopita huacha mstari wa tope. Sakafu iwekwe juu ya mstari huo kwa shibiri mbili hivi, hata kama Agosti unajiona unajenga kibanda kirefu kupita kiasi. Aliyejenga kwa kufuata maji ya kiangazi hukikuta kibanda chake Desemba benchi zikielea. Pale ambapo maji hupanda na kushuka sana, kibanda hujengwa juu ya mapipa ya plastiki yaliyozibwa, kikazungushiwa pete kwenye nguzo ili kipande na kushuka nayo.

Na ardhi ni ya nani? Kwenye shamba la mtu inatakiwa ruhusa yake, heri iwe ya maandishi. Kwenye ardhi ya umma majimbo mengi hayaruhusu kibanda cha kudumu, au hugawa nafasi. Jimbo la Tennessee, lenye ziwa Reelfoot lililotokana na matetemeko ya ardhi ya mwaka 1811 na 1812, hugawa nafasi nyingi za vibanda kwa bahati nasibu.

Fremu

Kwa watu watatu, kibanda cha urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2 kinatosha, na kila mmoja anapata karibu sentimita 80 za benchi. Nguzo nne za pembeni na mbili za katikati huzikwa hadi zigonge udongo mgumu, si tope tu. Juu yake hufungwa mbao za 2 kwa 4 na sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi ya kidole ili maji yapite. Benchi iwe na kimo cha sentimita 45. Ukuta wa mbele ufike kifuani kwa mtu aliyesimama, yaani mita 1.2 hivi, ili aliyeketi afichike sehemu kubwa ya mwili na akisimama aone mbele. Tumia skrubu, kwa sababu misumari hulegea mbao zinapolowa na kukauka.

Wengi hutumia paleti, yale majukwaa ya mbao yanayobebea mizigo. Angalia alama iliyochomwa ubavuni. HT maana yake mbao zilipashwa joto kuua wadudu, hizo hazina shida. MB maana yake zilifukizwa gesi ya sumu iitwayo methili bromidi. Hizo ziache, usizikalie wala usizichome. Ushauri huu unamfaa hata anayetengeneza banda la kuku.

Paa ni la lazima nusu, upande wa nyuma. Bata hatazami kibanda kutoka usawa wa maji kama sisi. Anazunguka juu mara mbili, mara tatu, na anachokiona ni sanduku lenye shimo jeusi na nyuso za watu ndani. Paa la wavu wa waya lenye majani machache linavunja shimo hilo. Macho ya bata yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo anaona karibu kila upande kwa wakati mmoja, na rangi anaziona vizuri kuliko sisi.

Kufunika

Zungusha wavu wa waya nje ya fremu, kisha chomeka majani ndani ya matundu yake. Chukua mimea ileile inayoota palepale. Kibanda cha matete kwenye bwawa lisilo na tete hata moja kinaonekana toka mbali. Anza chini kupanda juu, kama unavyoezeka nyumba, ili tabaka la juu lifunike vifungo vya la chini. Juu kabisa acha matawi yapite ukuta bila mpangilio. Mstari ulionyooka haupatikani porini, na ndio unaowashtua ndege kuliko rangi yoyote.

Fanya hivyo mara mbili: matawi mazito Agosti, nyasi kavu wiki mbili kabla ya msimu. Kwenye mzunguko huo wa pili piga kuta kwa fimbo ndefu kabla ya kuingia. Nyigu hupenda vibanda hivyo, na kusini mwa Marekani nyoka wa majini wenye sumu pia.

Hapa sheria ina mtego. Tangu miaka ya 1930, baada ya bata kupungua vibaya, ni marufuku kuwinda bata waliomwagiwa nafaka, na eneo huhesabiwa lina chambo hadi siku 10 baada ya nafaka yote kuondolewa. Unaruhusiwa kufunika kibanda kwa mabua ya mahindi au ya mpunga, lakini si kama kwa kufanya hivyo unatawanya punje. Mwenye busara hupukuchua mabua yake nyumbani, au hutumia nyasi za porini tu. Sheria hizohizo zinakataza kutumia bata hai kama kivutio, zinataka shotigani isibebe zaidi ya risasi tatu, na tangu mwaka 1991 chembe za madini ya risasi haziruhusiwi kwa bata popote nchini humo, kwa kuwa ndege walizimeza chini ya maji na kufa kwa sumu. Mwindaji wa miaka 16 na zaidi hununua pia stempu ya serikali kuu, iliyoanza mwaka 1934 kwa dola 1 na sasa ni dola 25. Karibu fedha yote hununulia na kulindia mabwawa.

Yanayoua watu

Maji ya Desemba huondoa nguvu za mikono ndani ya dakika chache, na suruali ya mpira ya kufika kifuani ikijaa maji humfanya mtu awe mzito. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa njiani, si kuwekwa chini ya benchi. Ndani ya kibanda, kila mtu awe na upande wake: piga kigingi kirefu kila mwisho wa ukuta wa mbele, na mtutu usivuke kigingi hicho. Tengeneza pia mahali pa kuegeshea bunduki, zisiwe zinaangushwa na mbwa. Jiko la gesi ndani ya sanduku lililojaa nyasi kavu ni la kuogopwa. Anayelitumia huliweka juu ya bati, mbali na ukuta, na haliwashi pakiwa pamezibwa.

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania hairuhusu kumpiga bata mwitu bila leseni. Lakini kibanda hakina kosa. Kati ya Oktoba na Aprili bata kutoka Ulaya na Asia huja kwenye maziwa yetu ya Bonde la Ufa, na anayetaka kuwahesabu au kuwapiga picha anaweza kujenga kidogo cha mtu mmoja kwa fito na matete. Wapiga picha hutumia mbinu moja rahisi: wanaingia watu wawili, kisha mmoja anatoka na kwenda zake waziwazi. Ndege wakimwona akiondoka, hurudi kana kwamba ndani hakuna mtu.