Twiga Miguu Juu

Ukisimama Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde la Ruvuma. Ng'ambo yake, Msumbiji, ilitawala Kampuni ya Nyassa hadi 1929. Stempu zake za 1901 zilichapwa London na Waterlow kwa rangi mbili, kila karatasi ikipita mashineni mara mbili. Ikigeuzwa, twiga alitoka miguu juu, na stempu hiyo ndiyo wakusanyaji wanaigombania. Nyingine zina ngamia, kasimama wima, wino safi kabisa. Ngamia kwa Wamakonde, jamani? Hilo halipandishi bei. Soko hulipia kosa la mchapaji; kosa la mtawala asiyeijua nchi anayoitawala linauzwa kwa bei ya kawaida.