Kujijua kupitia kundi la simu: yale yanayofaa na yale ya kuepuka

Wasomaji kadhaa wa safu hii, wengi wao vijana wa Manda na Lamu mjini, wameniuliza kuhusu makundi ya WhatsApp ya kujijua na kujiendeleza. Wengine wamealikwa na wanaogopa. Wengine walishaingia wakatoka. Nimekuwa ndani ya kundi moja la aina hiyo, lenye watu kumi kutoka Manda Maweni, Shela, Mombasa na mmoja aliyeko kazini Qatar, kwa hivyo nitaeleza ninavyolifahamu jambo lenyewe.

Kwanza tulitenganishe na mengine. Kundi la ukoo hutangaza misiba na harusi. Kundi la mtaa hutafuta nani ana maji ya kuuza na boti ya mwisho inaondoka saa ngapi. Kundi la kujijua ni watu wachache waliokubaliana kwamba kila mmoja ajichunguze, aseme anachokiona ndani yake, kisha awasikilize wenzake wakimwambia asichokiona. Halina mawaidha ya kusambazwa, picha za maua ya asubuhi wala biashara. Ukikuta kundi linalojiita hivyo na kila saa admini anauza kozi, hilo ni duka.

Jambo hili si geni kwetu. Wanachuoni huliita muhasaba, mtu kuifanyia nafsi yake hesabu, na al-Harith al-Muhasibi aliyefariki Baghdad mwaka 857 alipata lakabu yake kwa kulishughulikia sana. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa njia nne za mtu kuzijua aibu zake: kukaa na shekhe mwenye kuona mbali, kuwa na rafiki mkweli anayekuangalia na kukuonya, kusikiliza ulimi wa adui, kwa kuwa adui hakufichi, na kuchanganyika na watu, ukiona baya kwa mwenzio ujiulize kama nawe unalo. Mimi naona njia ya pili na ya nne ndizo kundi la simu linaweza kuzibeba. Ya kwanza haiwezi, na kundi linalomgeuza admini kuwa shekhe limeshapotea. Ya tatu kila mtu anayo bure.

Hapa visiwani tuna pia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo mshairi anazungumza na moyo wake mwenyewe akiuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Mtu wa Manda haijii mbali picha hiyo. Takwa imehamwa tangu karne ya 17, na mji mkongwe wa Manda, ulioanza kiasi cha karne ya 9, leo ni kuta ndani ya vichaka.

Wazungu nao walilifikia kwa mlango wao. Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha lenye vioo vinne. Kioo cha kwanza ni yale ninayoyajua juu yangu na wengine wanayajua. Cha pili, wengine wanayajua nami siyajui. Cha tatu, nayajua mimi na nimeyaficha. Cha nne hayajulikani na yeyote. Waliliita dirisha hilo Johari, wakiunganisha majina yao, Joe na Harry. Sisi tukisikia johari tunadhani ni kito, na sioni ubaya wa kudhani hivyo.

Kazi kubwa ya kundi iko kwenye kioo cha pili. Katika kundi letu alikuwamo nahodha wa boti zinazovusha abiria kati ya uwanja wa ndege wa Manda na Lamu. Alijieleza kuwa mtu mwenye subira. Wiki ya nne aliomba mwenyewe aambiwe anavyoonekana, na watatu waliowahi kupanda boti yake wakamwambia kwamba ndege ikikaribia kuondoka huwafokea abiria, hasa kina mama wenye mizigo. Alinyamaza siku mbili. Kisha akatuma sauti fupi: alikuwa amemuuliza mkewe, na mkewe amecheka.

Dada mmoja anayeponda kokoto Maweni aligundua jambo jengine bila kuambiwa na mtu. Swali la wiki lilikuwa, "Ni wakati gani unasema ndiyo kabla hujafikiri?" Akaeleza kwamba mnunuzi akitaja bei, yeye husema sawa kabla sentensi haijamalizika, kwa sababu anaogopa kuonekana mgumu. Akaanza kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mara nyengine bei ilipanda. Mara nyengine mnunuzi alikwenda kwa jirani, naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Yote mawili alituhadithia, na hilo la pili ndilo lililonifanya nimwamini.

Utaratibu wenyewe ni huu. Watu wasizidi kumi na wawili. WhatsApp inaruhusu hadi 1,024 katika kundi moja, lakini idadi hiyo ni ya mkutano wa hadhara. Swali ni moja kwa wiki, na hujibiwa kwa sauti, kwani aliyeshinda juani akichonga mawe hana nguvu za kuandika, na sauti hubeba yale ambayo herufi huyaacha. Kila mtu azungumze juu ya nafsi yake, si juu ya mumewe wala mama mkwe. Asiyeomba maoni asipewe. Na kundi liwe na siku ya kufungwa; letu lilipangiwa wiki kumi na mbili.

Sasa niseme la hatari, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Nalijua kundi jengine, kubwa kuliko letu, ambamo kijana alieleza kwa sauti jinsi anavyoona haya kwa madeni aliyoachiwa na marehemu babake. Baada ya siku chache sauti ile ilikuwa ikichezwa barazani. Kisiwani hakuna mtu asiyejulikana sauti yake. Kijana aliacha kuvuka kuja mjini, posa aliyokuwa amepeleka ikarudishwa, na hadi leo hajui nani aliyeitoa. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa siri tangu 2016, mtu wa nje asiweze kuusoma njiani, lakini kufuli hiyo haimzuii mwanakundi kuusambaza au kuupiga picha. Hata ujumbe wa kujifuta unaweza kurekodiwa kwa simu ya pili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, ila kabla mahakama haijakufikia baraza limeshahukumu.

Kwa hivyo mimi husisitiza mpaka ambao dini yetu ilishauweka. Dhambi ambayo Mwenyezi Mungu amekusitiri, usiifichue. Mtume, rehma na amani zimshukie, amekemea mtu anayelala akiwa amesitiriwa kisha akaamka na kujitangaza. Kundi ni mahali pa kutazama tabia: hasira, uvivu, woga, kupenda sifa, kuahirisha. Toba ni baina yako na Mola wako. Siri ya mwenzio wa ndoa nayo si mali yako peke yako.

Kuhusu wanaume na wanawake pamoja, wapo watakaoniona mkali, lakini kwa mazingira yetu naona makundi tofauti ni bora. Wake wengi simu zao husomwa na watu wa nyumbani, na ujumbe wa heri kutoka kwa mwanamume asiye jamaa huzua makubwa. Letu lilikuwa la mchanganyiko kwa kuwa wengi tulikuwa jamaa, na hata hivyo wawili walijitoa wiki ya pili. Sikuwalaumu.

Kundi pia halitibu. Mtu asiyelala kwa wiki kadhaa, asiyekula, au anayezungumzia kujitoa roho, asijibiwe kwa emoji za mikono ya dua. Apigiwe simu, apatikane mtu wa kukaa naye, avushwe hadi hospitali ya King Fahd. Usiku Manda boti huwa tabu, basi admini awe na nambari ya nahodha kabla haijahitajika.

Anayetaka kuanza atafute watu sita anaowaamini, na kabla ya kufungua kundi wakutane ana kwa ana mara moja, hata kama ni kwenye gati wakisubiri maji yajae. Swali la kwanza liwe jepesi. Letu lilikuwa, "Wiki hii neno gani limekuuma, na kwa nini limekuuma wewe?" Majibu tuliyapata ya watu wanne tu. Sita waliobaki walianza kujibu wiki ya tatu.