Mlango wa Shule na Mlango wa Chuo Kikuu



Juma hili tutazame historia ya vijana wahamiaji huko Marekani. Mwaka 1975 jimbo la Texas (la kiserikali, si la kiaskofu) lilitunga sheria ya kuruhusu shule za umma kuwakataa watoto wasio na hati za ukaazi. Mwaka 1977 shule za mji wa Tyler zikaamua kuwatoza dola 1,000 kwa mwaka kila mmoja. Kibarua angezitoa wapi? Familia nne zikashtaki. Jaji William Wayne Justice akalisikiliza shauri lao saa 12 asubuhi, kabla mji haujachangamka, maana wazazi wale waliogopa kutambuliwa na kufukuzwa nchini. Hata hivyo walifika.

Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu, majaji 5 dhidi ya 4: mtoto asiadhibiwe kwa tendo la mzazi wake. Aliyeiandika alikuwa William Brennan, Mkatoliki, mwana wa wahamiaji kutoka Ireland.

Lakini hukumu hiyo haikufika chuo kikuu. Mwanafunzi husomeshwa kwa kodi ya umma hadi kumaliza sekondari, pengine akiwa wa kwanza darasani, kisha anaambiwa kuwa yeye ni mgeni. Mkopo na ruzuku ya serikali kuu hapati. Katika majimbo mengi hutozwa karo ya mtu wa nje, ambayo aghalabu huizidi ya mkazi maradufu. Hata kwa hesabu ya mfanyabiashara jambo hili halieleweki: nani hupalilia shamba miaka yote hiyo, halafu akalitelekeza siku ya mavuno?

Texas yenyewe ililiona hilo. Mwaka 2001 ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuwaruhusu vijana hao kulipa karo ya wakazi, mradi wawe wameishi humo miaka 3 kabla ya kumaliza sekondari. Muswada wa kuwapatia uhalali nchi nzima ulipita Bunge la Wawakilishi mwaka 2010, ukakwama katika Seneti kwa kura 55; zilihitajika 60.

Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Texas kwa sababu ya sheria ile ya karo. Jimbo halikujitetea. Siku hiyohiyo likakubaliana na mshtaki wake, na jaji akaifuta sheria iliyokuwa imedumu miaka 24.