Sentimita 11 kwa Hatua: Walivyochimba Chini ya Mito

Manahodha wa pwani yetu wanamjua vizuri mnyoo anayekula vyombo. Kwa sababu yake jahazi hupandishwa ufukoni, likakwanguliwa na kupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Likikaa majini muda mrefu bila deheni, ubao unaoonekana mzima kwa nje huvunjika mkononi kama sega lililokauka. Mnyoo huyu kwa kweli ni ndugu wa chaza. Ana magamba mawili madogo kichwani ambayo huyatumia kusaga mti, na kila anaposonga mbele hupaka chokaa ngumu katika kuta za tundu alilolipitia, lisije likamfungia njia.

Inasimuliwa kwamba Marc Isambard Brunel alimtazama mnyoo huyo akiwa kazini ndani ya kipande cha mbao ya merikebu, akapata wazo. Brunel alikuwa Mfaransa wa Normandy, aliyezaliwa mwaka 1769. Mapinduzi ya Ufaransa yalimkimbiza hadi Marekani, na mwaka 1799 akahamia Uingereza. Mwaka 1818 alipata hataza ya chombo cha kuchimbia handaki alichokiita ngao. Miaka mitatu baadaye alikuwa gerezani kwa sababu ya madeni, na hataza yake mkononi.

London ilimhitaji. Bandari yake ilikuwa imejaa merikebu pande zote mbili za Mto Thames, na daraja la kawaida lingeziba njia ya milingoti. Mzigo wa kuvuka mto upande wa mashariki ulilazimika kuzunguka mbali kwa mikokoteni. Richard Trevithick, bingwa wa injini za mvuke, alikuwa amejaribu kupita chini mwaka 1807. Alichimba njia nyembamba hadi akawa amebakiza kama mita 60 tu kufika ng'ambo, lakini mto ukamwingilia, kazi ikaachwa. Wajuzi wa wakati ule wakaona kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mwaka 1825 Brunel, akiwa amekwisha kutoka gerezani, alianza kwa namna iliyowashangaza watu. Pale Rotherhithe, badala ya kuchimba shimo, alijenga mnara wa matofali wenye upana wa mita 15 na kimo cha mita 12, juu ya pete ya chuma yenye makali. Kisha vibarua wakatoa udongo ndani yake, na mnara ukadidimia wenyewe kwa uzito wake, polepole, mpaka ukawa kisima kilichokwisha kujengewa kuta.

Chini ya kisima hicho ndipo ngao ilipoundwa. Ilikuwa na fremu 12 za chuma zilizosimama bega kwa bega, kila moja na ghorofa tatu. Hivyo vilipatikana vijumba 36, na katika kila kijumba alisimama mchimbaji mmoja. Mbele yake udongo ulikuwa umezuiwa na mbao nyembamba zilizolazwa moja juu ya nyingine, kila ubao umebanwa kwa parafujo. Mchimbaji aliondoa ubao mmoja tu, akachimba sentimita 11 hivi, upana wa tofali, akaurudisha ubao na kuukaza pale palipochimbwa. Hapo ndipo aliporuhusiwa kugusa ubao wa pili. Mbao zote za fremu zikishasogea, fremu nzima ilisukumwa mbele kwa parafujo kubwa zilizoegemea ukuta wa nyuma, na waashi wakajaza pengo kabla udongo haujapata nafasi ya kuporomoka. Wiki nzima ya kazi, usiku na mchana, ilizaa mita tatu hivi.

Naona hapa ndipo ulipo ukubwa wa Brunel. Sululu na koleo za watu wake zilikuwa zilezile za wachimbaji wa makaa ya mawe. Alichogundua ni namna ya kuhakikisha kwamba ardhi iliyo wazi, wakati wowote, haizidi kipande kinachoweza kuzibwa na ubao mmoja. Mahandaki mengi yaliyochimbwa katika ardhi laini chini ya mito baada yake yamerithi kanuni hiyo.

Lakini ngao haikuweza kuuzuia mto uliokuwa karibu mno. Brunel alikuwa ameambiwa kwamba atakuta tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, naye akapanga kupita juu juu. Akakuta changarawe na matope. Thames wa siku zile ulikuwa mtaro wa maji taka ya London nzima, na maji hayo yalitiririka juu ya vichwa vya wachimbaji. Gesi zake zilishika moto kwenye taa. Watu walianguka kwa homa, wengine wakapotewa na nuru ya macho kwa muda. Msimamizi mkuu wa kazi aliugua akaondoka, na nafasi yake akaichukua Isambard, mtoto wa Brunel, kijana wa miaka 20.

Tarehe 18 Mei 1827 mto uliingia. Siku ile waliokuwa ndani waliwahi kutoka. Isambard alishuka mtoni ndani ya kengele ya kuzamia kulikagua tundu, likazibwa kwa mifuko ya udongo wa mfinyanzi, na pampu zikafanya kazi kwa miezi. Novemba mwaka huohuo akaandaa karamu ndani ya handaki, bendi ya jeshi ikipiga, na wachimbaji nao wakiwa na meza yao. Tarehe 12 Januari 1828 maji yakarudi. Watu sita walikufa, na Isambard mwenyewe alitolewa akiwa ameumia vibaya. Mwaka huo fedha zikaisha, ukuta ukajengwa mbele ya ngao, na handaki likakaa hivyo miaka saba mpaka serikali ilipotoa mkopo.

Lilifunguliwa tarehe 25 Machi 1843, lina urefu wa mita 396. Watu kama 50,000 walipita siku ya kwanza, kila mmoja kwa peni moja. Walipita kwa miguu, kwa sababu fedha za kujenga njia ya kuteremshia mikokoteni hazikupatikana kamwe.

Aliyeirahisisha ngao alikuwa mzaliwa wa Afrika: James Henry Greathead, aliyezaliwa mwaka 1844 Grahamstown, Afrika Kusini, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Mwaka 1869 alichimba chini ya Thames, karibu na Mnara wa London, kwa kutumia ngao ya duara iliyozidi kidogo upana wa mita mbili. Badala ya matofali, nyuma yake aliunganisha pete za chuma cha kusubu, kipande kwa kipande. Alikwenda chini zaidi, katika udongo wa mfinyanzi ulio imara, na uchimbaji ukamalizika ndani ya mwaka mmoja. Brunel alitumia miaka 18.

Palipokuwa na matope matupu ilihitajika silaha nyingine. Thomas Cochrane alikuwa amepata hataza yake tangu 1830: jaza handaki hewa iliyoshindiliwa, ili hewa iyasukume maji nje. Chini ya Mto Hudson, New York, DeWitt Clinton Haskin aliitegemea hewa hiyo bila ngao. Alfajiri ya tarehe 21 Julai 1880 hewa ilipata upenyo, matope yakaporomoka, watu 20 wakafa.

Hewa yenyewe pia iliua. Mtu akitoka haraka katika mgandamizo ule, nitrojeni iliyoingia katika damu yake hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Hupooza, huvimba viungo, au hufa. Mhandisi Ernest Moir alipofika Hudson mwaka 1889 alikuta vifo vikikaribia robo ya wafanyakazi kwa mwaka. Akaweka chumba cha chuma juu ya ardhi. Mgonjwa aliingizwa humo, mgandamizo ukarudishwa, kisha ukapunguzwa taratibu. Katika miezi 15 iliyofuata, kati ya watu 120, walikufa wawili. Inaniuma kwamba dawa hiyo, ambayo ni chumba na subira tu, ilichelewa kiasi hicho, ilhali fedha za chuma na injini zilipatikana siku zote.

Ngao ya duara, pete za chuma na hewa vilikutana chini ya Mto St. Clair, kati ya Sarnia, Kanada, na Port Huron, Marekani. Joseph Hobson aliingiza ngao mbili, moja kila upande, zikakutana Agosti 1890, na mwaka uliofuata treni zikaanza kuvuka kutoka nchi moja hadi nyingine.

Handaki la Brunel lilipata reli mwaka 1869, na treni zinapita humo hadi leo. Ukifika London, panda Wapping uteremke Rotherhithe. Ni kituo kimoja tu. Kabla treni haijaingia, simama mwisho wa jukwaa la Wapping utazame matao mawili yanayoingia gizani, na uwakumbuke wale sita.