Uhalisi wa Picha: Funzo la Korogwe

Watu wengi hudhani kwamba picha halisi ni ile iliyofanana na kitu kilichochorwa kama uso ufananavyo na kivuli chake katika kioo. Kipimo hicho ni chepesi, walakini hakitoshi. Historia ya nchi iliyo kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, ulipo mji wa Korogwe, yaonyesha kwamba uhalisi una maana mbili: kufanana na umbo, na kuwa kweli kwa maisha. Mara nyingi mambo hayo mawili hutengana.

Wazigua na Washambaa walikuwa na sanamu za udongo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu nyingi za namna hiyo, akazieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Kwa kawaida sanamu hizo hazikukusudiwa kudumu. Umbo lake lilikuwa jepesi, na kila moja ilifuatana na wimbo au fumbo lenye maana yake. Thamani ya sanamu haikuwa katika ufundi wa pua na vidole, bali katika somo ambalo mwari alipaswa kuondoka nalo: wajibu wa ndoa, heshima kwa wazee, hatari ya uvivu. Sanamu ilikuwa kweli kwa sababu maisha iliyoyasema yalikuwa kweli.

Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell katika miaka ya 1930, iliikuta fikira hiyo kwa njia nyingine. Mama huyo aliwahimiza wanafunzi wachore mambo ya kwao kama walivyoyaona moyoni. Mmoja wao alikuwa Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, iliingia katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Watu wa Ntiro ni wadogo, na nyuso zao hazina mengi ya kuwatofautisha. Wako waliosema kuwa hakujua kuchora mwili. Lakini katika picha zake migomba, vilima na kazi ya mikono mingi pamoja ni mambo ambayo Mchaga hahitaji kuelezwa. Alipokuja Cecil Todd kushika mahali pa Trowell mwaka 1958, mafunzo ya kuchora kile kionwacho na jicho yalipata nguvu zaidi, na hoja ya uhalisi ikawa ya mabishano.

Korogwe yenyewe ilikuwa na maisha yaliyostahili mchoraji. Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakaenea, na manamba wakaja kutoka mbali kukata majani, kuyafunga vitita na kuyapeleka korona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Miongoni mwa waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga alikuwa Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru. Baadaye alihamia Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za kung'aa juu ya mbao laini. Alifariki mwaka 1972, nao wafuasi wake wakalieneza jina lake duniani. Jina hilo halikutukuzwa kwa picha za shamba, bali kwa chui, tembo na ndege, ambao wageni walipenda kuwanunua. Si haki kumlaumu. Mtu huuza kinunuliwacho. Ila yafaa kukumbuka kwamba mnunuzi naye hushika brashi. Sokoni humo mkono uliokata mkonge haukuwa na bei.

Mambo yalikuwa mengine huko Lubumbashi, katika Kongo. Tshibumba Kanda Matulu aliwachorea watu wa mji wake, nao walizitundika picha katika vyumba vyao vya kuzungumzia. Moja iliyopendwa sana ilionyesha mfungwa akichapwa viboko katika enzi ya Wabelgiji. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya mia, akizieleza kwa Kiswahili cha huko. Miili yake si ya kitaalamu. Lakini wenye nyumba walijiona humo, wakakumbuka, wakabishana.

Basi swali la uhalisi ni swali la nani anayeitwa kuwa shahidi. Picha ya mkata mkonge yaweza kusifiwa mjini kwa misuli na jasho lake. Shahidi wake wa kweli ni mzee wa Korogwe aliyeifanya kazi hiyo, ambaye aweza kusimama mbele yake akasema: kisu hakishikwi hivyo, na kitita hakifungwi hivyo. Mchoraji anayeogopa neno hilo atabaki na chui wake. Anayelitafuta atakuwa amerudi kwenye udongo wa wari, mahali ambapo umbo lilikuwa jepesi na somo zito.