Guni, si Mraba

Ukurasa wa 7 wa kijitabu kimoja cha mafunzo ya ushonaji kilichofasiriwa na kusambazwa hapa Eldoret unamwagiza msomaji hivi: akiisha kushona viraka vya mfarishi, auweke chini na "kuufanya uso wake kuwa mraba." Shangazi yangu, anayeshona mifarishi ya vitenge huko Langas, aliniletea kijitabu hicho kikiwa kimekunjwa kwenye ukurasa huohuo. "Mwanangu, wewe ndiwe mtu wa maneno," akaniambia. "Mfarishi wa mteja wangu ni inchi 60 kwa 80. Nikiufanya mraba, si nitamkata miguu?"

Shangazi hakusoma jometria zaidi ya darasa la 7, lakini ameliona kosa ambalo jopo zima la wafasiri halikuliona. Mraba umetokana na neno la Kiarabu la nne, mzizi uleule uliotupa robo na arubaini, na kwetu umekwisha kukaa na maana yake: umbo la pande 4 zilizo sawa. Mfarishi wa 60 kwa 80 ni mstatili, na utabaki mstatili. Kinachotakiwa na mshonaji si umbo. Ni hali ya pembe, kwamba kila kona isimame digrii 90 na kitambaa kilale bapa bila kuvimba katikati wala kufanya mawimbi ukingoni. Hali hiyo ina jina lake la Kiswahili, nalo ni guni.

Guni ni kile kipimo cha seremala na mwashi chenye mikono miwili iliyokutana kwa pembe mraba. Kamusi za zamani zinalo. Kihindi kina guniya kwa chombo hichohicho, na asiyeona ajabu kwamba guni ilifika pwani mikononi mwa mafundi na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi hana budi kuiona njia. Napendekeza, na nimependekeza kwa muda mrefu, tuseme kutia guni, kama tusemavyo kutia nta au kutia rangi. Uso wa mfarishi uliotiwa guni ni ule ambao kona zake 4 zimesimama sawa. Basi.

Nilipolifikisha neno hili kwenye kikao kimoja cha istilahi, lilifutwa ubaoni kabla sijamaliza kulieleza. Hoja ilikuwa kwamba guni ni shairi lenye kasoro ya vina na mizani, kwa hiyo litawachanganya watu. Hoja hiyo iliniumiza wakati ule na inaniumiza hadi leo, kwa sababu ilitolewa na watu wanaojua ushairi. Mizani yenyewe ni nini? Ni chombo cha muuza sukari. Nani amewahi kusimama dukani akadhani anapimiwa silabi? Ubeti una asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba au hema. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyeweka misingi ya arudhi ya Kiarabu katika karne ya 8, aliyajenga maneno ya fani yake kwa vifaa vya hema: kigingi, kamba, na ubao mmoja wa mlango kwa nusu ya mstari. Ushairi umeazima vyombo vya mafundi kwa zaidi ya miaka 1,000. Fundi akitaka kutumia chombo chake mwenyewe, ndipo anaambiwa ni cha washairi!

Kuna wanaosema tufuate mtaa, maana mafundi wa mjengo hapa Eldoret husema "piga skwea." Hao nawaheshimu. Skwea ni neno la mkopo lisilodanganya, na kama ningelazimishwa kuchagua kati yake na mraba, ningelichukua bila kusita. Ila hatukopi unga wakati debe letu limejaa.

Na hivyo "viraka" navyo havifai. Kiraka hukaa juu ya tundu. Vipande vya mfarishi havikai juu ya kitu, huungwa ukingo kwa ukingo, kama wasusi wa pwani wanavyounga shupatu kwa shupatu hadi mkeka ukamilike. Hakuna aliyewahi kusema mkeka una viraka. Tuseme kuunga vipande.

Guni ina nguvu nyingine ambayo mraba hauna, nayo imo ndani ya nguo. Huu ni mji wa nguo, kiwanda cha Rivatex kimesimama hapa tangu 1976, na Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua 2007. Katika kitambaa chochote kinachotoka kwenye mtambo wa kufuma, mtande na mshindio hukatana kwa digrii 90. Kitambaa kinazaliwa na guni yake. Anayekata kipande sambamba na uzi anaihifadhi, na anayekata hanamu anaipoteza, kwa kuwa ukingo wa hanamu hunyooka ukivutwa hata na uzito wa pasi.

Matumizi kwa ufupi: mshono uwe robo inchi daima (ukila 1/8 ya inchi zaidi, vipande 9 vyenye mishono 8 vitakupunguzia inchi 2 nzima), pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe, kipimo cha upindo kichukuliwe katikati ya mfarishi, kamwe si ukingoni, mwisho, pima ulalo wa pande zote mbili.

Jumamosi iliyopita tuliutandaza mfarishi wa mteja huyo sakafuni. Waashi hupima pembe kwa 3, 4 na 5, na 60 kwa 80 inadai ulalo wa 100 kamili. Wa kwanza ulisoma 101 na nusu, wa pili 98 na nusu. Shangazi alipiga magoti, akapitisha kiganja safu kwa safu, akasimama kwenye ya 3, penye kitenge cha buluu alichokikata hanamu ili maua yaangalie juu.

"Hapa ndipo guni ilipotoka," akasema, akaanza kufumua.

Nasikia toleo la pili la kijitabu linaandaliwa. Ukurasa ni wa 7, mstari wa 4 kutoka juu.